Neno "ghafi" bandarini na bei ya gunia lako la alizeti

Msikilizaji wa Singida, Dodoma au Manyara uliyeweka alizeti ndani ukisubiri bei: kuna neno moja kwenye karatasi za bandari ya Dar es Salaam linalogusa gunia lako. Neno hilo ni "ghafi".

Forodha hawatozi ushuru kwa jina la mtaani. Kila bidhaa ina namba. Alizeti ikiwa bado mbegu iko sura ya 12 ya kitabu cha ushuru, namba 1206. Ukiikamua, mafuta yanahamia sura ya 15, na mashudu unayolishia ng'ombe yako sura ya 23. Gunia moja, sura tatu! Mawese kutoka Malaysia na Indonesia nayo yako sura ya 15, namba 1511, ila humo ndani yametenganishwa: ghafi huku, yaliyosafishwa kule, na ushuru wake haulingani.

Mei 2018 jambo hili lilifika bungeni. Shehena za mawese zilikwama Dar es Salaam, waagizaji wakisema ni ghafi, TRA ikisema yameshapitia usafishaji. Wakati huo ghafi yalitozwa asilimia 10, yaliyosafishwa 25. Kwa mzigo wa shilingi milioni 100, hiyo ni milioni 10 au milioni 25, na VAT hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Unaona kwa nini watu wagombanie neno.

Mwezi uliofuata bajeti ya 2018/19 ikapandisha ghafi hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi 35. Nafuu kwa mkulima, maumivu kwa mama anayenunua mafuta ya kupima.

Kinachovuma redioni, hata kwetu, ni hiyo 35. Mimi naona kiwango cha ghafi ndicho cha kuangalia. Kikiwa chini, kiwanda kinaleta mawese kwa meli, kinasafisha hapa hapa, na hakina haja ya kutuma lori Singida.

Viwango vya namna hii huombwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja mmoja, kuanzia Julai 1. Hotuba ya bajeti husomwa Juni, alizeti ikiwa inatoka shambani. Waziri akisema ushuru wa mafuta umepanda, subiri amalizie: ghafi, au yaliyosafishwa?