Programu Inayobeba Pesa Zako Nayo Ina Lebo

Ukinunua pakiti ya unga dukani, kuna vitu unaviangalia hata bila kufikiria: alama ya KEBS, tarehe ya mwisho, jina la aliyesaga. Programu inayotuma pesa zako kwenye simu nayo imefungwa kwenye pakiti na ina lebo. Shida ni kwamba hakuna anayeigeuza asome upande wa nyuma.

Hebu jaribu leo. Fungua Mipangilio kwenye simu yako, nenda Kuhusu simu, kisha utafute sehemu ya sheria na leseni. (Kila simu ina njia zake, na zingine zimeificha kama peremende kwa watoto.) Utakuta orodha ndefu ajabu. Hizo ni programu huria, yaani kazi za watu wengine ambao wameziacha wazi ili yeyote azitumie, lakini kwa masharti. Leseni ya MIT inataka jina la mwenye kazi na maneno ya leseni yabaki pale. GPL ni kali zaidi: ukisambaza programu uliyoijenga juu yake, nawe unatoa msimbo wako kwa masharti yaleyale. Kwa hivyo bure si holela.

Sisi wa upande wa masoko tunajua vizuri kwamba kazi isiyoonekana haipati bajeti. Kitufe kipya kinapigiwa tangazo, lakini kusafisha faili za leseni hakuna atakayekuandalia hata chai. Ndiyo maana tunapenda kisa cha Fineract, mfumo huria wa kuendesha akaunti na mikopo. Ulitokana na Mifos, mradi ulioanzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo. Ulipoingia Apache Software Foundation mwaka 2015, haukupokelewa hivi hivi. Apache hudai kila toleo liwe na faili za LICENSE na NOTICE zilizo sawa, na haikubali mradi wake utegemee maktaba za GPL au LGPL. Fineract ilikuwa ikitumia Hibernate kuzungumza na hifadhidata, na wakati huo Hibernate ilikuwa chini ya LGPL. Ikabidi itolewe, OpenJPA ikaingia mahali pake. Fikiria kung'oa mabomba ya maji ya nyumba nzima kwa sababu ya karatasi! Mwaka 2017 Fineract ikawa mradi kamili wa Apache, na leo taasisi ya fedha inayoutaka inajua inaruhusiwa kufanya nini nao, bila kuogopa barua ya wakili kesho.

Hayo ni ya lebo. Pakiti yenyewe ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi.

Machi 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angesema ni mtandao tu. Yeye akafuatilia mpaka akafika kwa xz, programu ndogo ya kubana mafaili, na kukuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yametiwa mlango wa siri. Aliyeutia, akijiita Jia Tan, alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili akimsaidia mtu aliyeutunza mradi huo kwa kujitolea. Na faili iliyouwasha mlango huo haikuwa kwenye msimbo ambao kila mtu angeweza kuusoma. Ilikuwa kwenye pakiti iliyofungwa tayari kusambazwa. Kwenye kinu unga unaonekana safi, kwenye pakiti kuna kitu kingine.

Sasa ukisikia wahandisi wanafuta mafaili yasiyojulikana yametoka wapi, wanaandika orodha ya kila kilichomo, na kuhakikisha pakiti inalingana na msimbo ulio wazi, usidhani wamekosa kazi. Wanalinda pesa zako.

Kuna wenzetu wanaotuuliza, kwani mteja anajali? Si anataka tu pesa ifike? Ni kweli, na hatutarajii mama mboga asome Apache 2.0 akiwa na foleni ya wateja. Lakini hata ripoti za maabara za KEBS hasomi. Anafaidika kwa sababu kuna anayeweza kuzisoma na kupiga kelele. Maoni yetu ni kwamba kila kampuni ya malipo, sisi tukiwemo, iweke orodha ya programu huria inazotumia mahali panapoonekana, na iwalipe wahandisi wake kwa saa wanazotumia kusaidia miradi hiyo. Kula tu bila kuosha vyombo si uungwana.

Kwa upande wako, usiweke programu ya pesa kutoka faili la APK ulilotumiwa kwenye WhatsApp, hata likiwa na nembo yetu na limetoka kwa binamu yako. Nembo hunakiliwa kwa dakika moja, na hata ukurasa wa leseni hunakiliwa. Ipakue Play Store au App Store, na uangalie jina la mtoaji kabla ya kuweka PIN. Kama tayari umeweka ile ya WhatsApp, ifute, ubadilishe PIN, kisha upigie huduma kwa wateja leo hii.