Tuwatue Wachungaji Mizigo Isiyo Yao

Miongoni mwa kazi ambazo kila mtu hujiona anazijua, hali ya kuwa waliozitazama kwa karibu ni wachache mno, kazi ya mchungaji wa kanisa ni mojawapo. Msharika humwona mchungaji wake siku ya Jumapili, amevaa joho na stola, akihubiri na kubariki, kisha akisimama mlangoni kuwapa watu mkono. Naye hurudi kwake akiamini kwamba mtu yule amekwisha kazi mpaka Jumapili nyingine, na kwamba siku sita zilizo baina ni za kusoma kitabu barazani na kungojea sadaka. Dhana hiyo ndiyo asili ya madhila mengi yanayowapata watumishi hawa. Na kwa kuwa mimi si mchungaji, bali ni mmoja wa wale wakaao mabenchini, nadhani ni halali yangu kuwaambia wenzangu yale ambayo mchungaji hawezi kuyasema mwenyewe pasipo kuonekana anajitetea.

Taabu za uchungaji ni za namna mbili. Ziko zilizomo ndani ya wito wenyewe, ambazo hakuna baraza wala askofu awezaye kumwondolea mtu, maana akiondolewa hizo huwa si mchungaji tena. Na ziko tulizomtwisha sisi washarika, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata zikawa ndizo zinazomla siku zake zote. Shauri langu ni moja: hizi za pili tumtue, ili apate nguvu ya kuzibeba zile za kwanza.

Chukua usharika wa milimani, huko Usambara au juu Kilimanjaro, wenye mitaa minne au mitano iliyotawanyika mabondeni, na mchungaji mmoja. Kila mtaa una mwinjilisti wake aongozaye ibada, lakini kwa Chakula cha Bwana hutafutwa mchungaji. Saa saba za usiku kijana hubisha hodi: bibi yake yu hoi, naye ameomba ashiriki kabla hajafa. Mchungaji huamka, huchukua kile kisanduku kidogo chenye kikombe, chupa ya divai na mkate, hulitia joho katika mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, kisha humfuata kijana kwa mwanga wa tochi, maana njia ni ya utelezi na pikipiki haipandi. Huingia katika chumba chenye moshi na harufu ya dawa, na hapo hutakiwa awe na neno; si neno la kitabuni, bali neno la kumwambia mtu ambaye kesho huenda hayupo, mbele ya watoto wake wanaoitazama midomo yake yeye. Alfajiri hurudi kwake, na saa nne asubuhi iyo hiyo ana arusi ya kufungisha, ambako akionekana hana bashasha watu husema ana majivuno.

Walakini kuamka usiku ni jambo jepesi likilinganishwa na siri. Watu humjia faragha wakamwaga yaliyo moyoni, naye amekwisha kuahidi siku ya kubarikiwa kwake kwamba hatayatoa nje. Tuseme mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, amemwungamia kwamba fedha za sadaka zilipita mkononi mwake zikapungua. Amelia, ameahidi kulipa, tena amekubali kwa hiari yake kuuacha uzee na kukaa kando. Jumapili ya pili usharika mzima unauliza: mbona mzee fulani haonekani tena barazani? Jamaa zake wanasema mchungaji amemwonea. Wengine wanasema ni ukabila. Wengine kwamba alitaka kumweka rafiki yake mahali pale. Neno moja tu lingemwokoa na lawama zote hizo, na neno hilo ndilo asiloweza kulitamka kamwe. Hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ushahidi juu yake. Hakimu huziandika sababu za hukumu yake, na atakaye huzisoma. Mchungaji hana pa kuziandika, wala hana mahakama ya rufani ambako siku moja itabainika kwamba alifanya lililo haki. Atahamishwa, atazeeka, atakufa, na watu wa usharika ule wataendelea kusimulia jinsi alivyomwonea mzee wao.

Si ajabu, basi, kwamba watu wakubwa wa imani waliiogopa kazi hii. Yohana Krisostomo, mhubiri wa Antiokia ambaye baadaye alifanywa askofu wa Konstantinopoli na kufa uhamishoni mwaka 407, alipotakiwa ujanani kuwekwa wakfu alijificha, kisha akaandika kitabu kizima juu ya ukuhani kueleza kwa nini alikimbia. Na kwetu huku yupo aliyeipokea akaivumilia, Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa Kiungani, Unguja, kisha mwaka 1886 akapelekwa Chitangali, katika nchi ya kusini. Mwaka 1890 akapewa daraja ya upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni iliyomsomesha kuifikia, naye akadumu huko miaka mingi mbali na wenzake. Kadhalika vita vikuu vya pili vilipozuka mwaka 1939, wamisionari Wajerumani wakatiwa kizuizini na fedha za kutoka kwao zikakatika, sharika za Kilutheri za Tanganyika zilibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wachungaji Waafrika, ambao hawakuwa wengi, nazo hazikufa. Watu hao walikuwa na taabu kubwa, tena walikuwa maskini. Lakini yale tunayowakumbukia leo ni kwamba waliwalea watu, waliwazika, waliwapatanisha, waliwarudisha kundini waliopotea. Hakuna anayewakumbuka kwa idadi ya mabati.

Sasa tutazame tulivyofanya sisi. Tangu mwaka 1954 chuo cha Makumira, karibu na Arusha, kimekuwa kikiwafundisha wachungaji wa Kilutheri; kijana hukaa huko miaka akisoma Kigiriki na Kiebrania, tafsiri ya Maandiko, historia ya Kanisa, namna ya kuhubiri na namna ya kumfariji aliyefiwa. Akisha kubarikiwa hupangiwa usharika, na siku ya kwanza kuketi na baraza la wazee hulakiwa na swali la paa. Paa likiisha huja sakafu, sakafu ikiisha huja uzio, na baada ya uzio vyombo vya kwaya, na juu ya hayo yote upo mchango wa jimbo na mchango wa dayosisi, ambao usipotimia yeye ndiye aitwaye kueleza. Hushinda akihesabu mifuko ya saruji na kufuatilia ahadi za watu. Mwisho wa mwaka akipimwa hupimwa kwa jengo, na asiyejenga huambiwa hakufanya kitu, hata kama mwaka mzima alikuwa akikesha na wagonjwa.

Tazama mnada wa Jumapili. Ibada ikiisha hutolewa mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, kikapu cha parachichi. Mtu hununua, kisha hukirudisha alichonunua kinadiwe tena kwa ajili ya Kanisa. Mimi siupingi mnada huu. Ni desturi njema, kwa maana mjane asiye na shilingi mkononi huleta mayai yake naye akahesabiwa miongoni mwa watoaji. Lakini mchungaji ashikapo kipaza sauti na kuwa dalali, akiwataja kwa majina wenye uwezo na kuwabembeleza waongeze, anaingia katika deni asilolijua. Juma lijalo mmoja wa hao waliobembelezwa atakuwa amempiga mkewe, au amemdhulumu ndugu yake kiwanja cha urithi, na mchungaji atapaswa kwenda nyumbani kwake kumkemea. Atamkemeaje mtu aliyemsifu jana mbele ya watu wote kwa kumnunua kuku mara tatu? Akimkemea, ahadi ya madirisha imepotea. Akinyamaza, amemsaliti yule mke. Tumemweka sisi wenyewe mahali hapo, kisha twastaajabu mahubiri yake yakiwa ya kuzungukazunguka.

Ubaya wa mambo haya haudhihiriki popote kama msibani. Mzee amefariki, wanawe wamekuja kutoka Dar es Salaam na Arusha, jeneza limelazwa uani chini ya turubai, maji ya chai yanachemka jikoni. Wazee wawili wa kanisa wamefika na daftari la bahasha za sadaka, wamelifunua penye namba ya marehemu, na miaka mitatu ya mwisho ni mitupu. Kanuni tuliipitisha wenyewe, kwa kunyoosha mikono, kwamba asiyetoa hatazikwa kwa ibada kamili. Mchungaji akiishika kanuni, watoto watamchukia yeye na Kanisa pamoja naye, nao watarudi mjini wasikanyage tena kanisani. Akiivunja, wazee watasema anadharau maamuzi, na yule aliyekuwa akitoa katika shida yake ataona alijisumbua bure. Wakati huohuo huenda yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba marehemu alikuwa akiugua miaka hiyo mitatu na kuona haya kukiri umaskini wake mbele ya rika zake. Nasema wazi, na ajuaye Maandiko kuliko mimi anisahihishe: daftari la bahasha halina haki ya kufika mahali penye maiti. Mtu aliye hai na atembelewe, aulizwe ana nini, asaidiwe akihitaji kusaidiwa. Akisha kufa, walio hai ndio wanaohitaji ibada ile.

Juu ya nyumba yake sitasema mengi, maana yanajulikana. Sadaka zikipungua mshahara hukawia. Mkewe, ambaye hakuajiriwa na mtu, hutazamiwa kuwaongoza akina mama, kuwapokea wageni kila saa na kuvaa kwa namna isiyomkera yeyote. Watoto wake wakikosea huambiwa mambo ambayo mtoto wa jirani haambiwi. Na barua ya uhamisho hufika watoto wakiwa katikati ya mwaka wa masomo.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Yule anayeungamiwa na wote, yeye humwungamia nani? Mtaniambia kwamba yupo Mkuu wa Jimbo, na ni kweli, tena wengi wao ni watu wa hekima. Lakini Mkuu wa Jimbo ni mkubwa wake wa kazi. Neno lake lina uzito katika uhamisho wake na katika kila taarifa inayoandikwa juu yake. Nani kati yetu atakwenda kwa mkubwa wake wa kazi na kumwambia kwamba imani yake imepoa, au kwamba usiku hulewa? Eliya mwenyewe, baada ya ushindi wake mkubwa mlimani Karmeli, alikwenda jangwani akaketi chini ya mti akamwomba Mungu afe. Naye hakukemewa, bali alipewa mkate na maji akaachwa alale. Dayosisi zetu zinao wachungaji wastaafu, watu wazima waliokwisha kuyapita yote haya, wasio na cheo wala kalamu ya kumhamisha mtu. Na wapewe rasmi kazi hii ya kuwasikiliza walio kazini, kwa siri kamili, na nauli walipiwe.

Hapa najua watu watapinga. Watasema: mchungaji akiondolewa penye fedha, fedha zitaibwa. Nami nawajibu kwamba zimekwisha kuibwa mara nyingi naye akiwapo, kwa sababu hakufundishwa uhasibu, na kwamba katika kila usharika leo wamo walimu wakuu, watunza hesabu, mafundi wa ujenzi na akina mama waliozoea kuendesha vyama vya kuweka na kukopa bila senti kupotea. Wengine watasema kwamba wapo wachungaji wapendao wenyewe kushika kila kitu, na wasiokubali hata sufuria ya kanisa inunuliwe pasipo wao. Hao pia wapo, wala sitawatetea. Mchungaji anayeng'ang'ania mfuko naye na aambiwe, kwa adabu, barazani. Lakini mfano tunao wa tangu zamani. Yethro alipomtembelea mkwewe Musa akamkuta ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba atajiangamiza yeye na watu pamoja naye, akamshauri awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Na mitume, manung'uniko juu ya wajane yalipozidi pale Yerusalemu, hawakukimbilia kugawa chakula wenyewe. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wao wakabaki na sala na Neno. Musa hakupungukiwa na kitu kwa kukubali, wala mitume.

Kwa hiyo nawasihi, wazee wangu wa kanisa, nanyi akina mama ambao humo kanisani mmetuzidi wanaume kwa wingi: mkutano wa usharika utakapoketi safari hii kupitisha makisio ya mwaka, simameni mlete hoja kwamba ujenzi, ahadi na mnada vikabidhiwe kamati ya watu waliochaguliwa, wenye kutoa hesabu mbele ya washarika wote kila robo mwaka, na kwamba ile kanuni ya bahasha na mazishi ifutwe. Hoja ikipita, mchungaji na akabidhi madaftari siku iyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika.