Chora kwa Karatasi Kwanza, Kisha Uje Salgaa

Kabla wanafunzi wa Egerton au Kabarak hawajaunda programu ya malipo, sisi tunasema wachore skrini zake kwa kalamu, waje nazo Salgaa jioni malori yakishaegeshwa. Dereva aguse karatasi kana kwamba analipia chakula. Mama wa hoteli aonyeshe anapotafuta jina la aliyelipa. Wakikwama, mchoro unafutwa pale pale. Kosa hilo likifika kwenye simu, pesa ya mtu ishaenda kwa namba isiyo yake.

M-Pesa ilijaribiwa 2005 kwa kulipia mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa, na huduma ya 2007 ikafuata walichofanya.

Kampuni kama yetu zilete maswali, vyuo vilete wanafunzi. Nawe mteja, sema tu, “Hapa sijaelewa.” Lakini PIN yako usiandike, hata kwenye karatasi ya majaribio.