Mkataba Usiosomwa Si Ushirikiano

Vijana wenzangu, kila tukihoji mkataba na wageni tunaitwa wapinga maendeleo. Tuweke hili sawa: hakuna anayekataa wawekezaji. Bandari inataka mitambo, reli inataka mkopo, na hakuna nchi inayojitosheleza. Tunachokataa ni kusainiwa mambo gizani halafu tuambiwe tupige makofi.

Tazama bandari ya Dar es Salaam. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano kati ya nchi yetu na Dubai. Yale tuliyasoma, tukayabishania mpaka kwenye daladala. Tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo ikasainiwa mikataba mingine na DP World, ukiwemo wa kuendesha gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30. Hiyo sasa ndiyo yenye hela: nani analipwa nini, na tukitaka kuvunja inakuwaje. Wewe umeisoma wapi?

Hapa Katiba yenyewe ina tundu. Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ile tu ambayo masharti yake yanataka iridhiwe. Yaani mkataba ndio unaoamua upite bungeni au usipite. Ni sawa na mgeni kujiamulia kama apige hodi au aingie tu.

Na Bunge likipewa nafasi linaweza. Novemba 2016 wabunge waliujadili mkataba wa EPA na Umoja wa Ulaya, wakaishauri serikali isisaini. Ulaya iliacha kununua kahawa yetu? Haikuacha.

Watasema ni siri za biashara. Siri gani? Tuna sheria ya mwaka 2015 inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Kama wa dhahabu unaweza kuanikwa, wa bandari na wa mkopo una nini?

Kwa hiyo tunapodai Katiba mpya, tulidai na hili kwa jina: kila mkataba mkubwa wa mkopo au uwekezaji usomwe bungeni na uwekwe hadharani kabla ya saini, siyo baada. Wanaosaini leo watastaafu na viinua mgongo vyao. Miaka 30 ya gati ikiisha, wengi wetu tutakuwa na hamsini na kitu, na tutakuwa tumeilipia yote.