Kamongo Si Nyoka

Katika Ramadhani iliyopita, mama mmoja mjane wa hapa Ipuli alileta msikitini sufuria ya kamongo kwa ajili ya futari. Baadhi ya waliokaa jamvini waliondoa mikono yao, na mmoja akasema kwa sauti kuwa huyo ni nyoka wa majini. Mama huyo hulea watoto wake kwa kuuza samaki wakavu. Baada ya siku ile wateja wake walipungua, na shauri likaletwa mbele ya kamati yetu.

Tuliona kuwa kabla ya kuuliza hukumu, ni lazima kwanza kukijua kiumbe chenyewe. Kamongo huishi katika mito, maziwa na vinamasi, likiwamo bonde la Malagarasi ambalo misafara ya zamani kutoka Tabora ililivuka ikielekea Ujiji. Ni kweli kwamba mwili wake ni mrefu na mapezi yake ni membamba kama kamba. Hata hivyo anayo matamvua, anayo magamba madogo yaliyozama ndani ya ngozi, na huogelea kwa kupinda mwili na mkia kama samaki wengine.

Ajabu yake ni kwamba Mwenyezi Mungu amempa pia mapafu mawili. Matamvua yake ni dhaifu, hayamtoshi; akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, hufa ndani ya maji. Kiangazi kinapokausha kinamasi, huchimba shimo katika tope, hujikunja, na hujifunika kwa ute unaokauka ukawa kama mfuko wenye tundu la kupumulia. Hulala humo miezi mingi bila kula, akiusubiri mvua. Mayai yake hutagwa majini, dume hulinda kiota, na watoto huzaliwa wakiwa na matamvua ya nje kama viluwiluwi. Nyoka hana matamvua, wala watoto wake hawazaliwi na matamvua ya nje.

Basi huyu ni samaki. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mavuvi ya majini, na hata wanavyuoni wa Kihanafi, ambao katika viumbe vya majini huruhusu samaki peke yake, hawamtoi samaki katika uhalali kwa sababu ya umbo lake.

Asiyempenda halazimishwi kumla. Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani afananaye na kenge. Hakuila kwa kuwa hakuizoea, lakini hakuiharamisha, na Khalid bin Walid akaila mbele yake. Kutokipenda chakula ni jambo la mtu binafsi. Kukiharamisha bila elimu ni kuisemea dini, na mara nyingi hasara humwangukia mnyonge.

Nasi tunakiri kosa letu. Tulikuwapo jamvini siku ile, tukanyamaza. Kamati imekwenda kumwomba radhi mama huyo nyumbani kwake, na baada ya sala ya Ijumaa tumelieleza jambo hili mbele ya jamaa wote. Tunawaomba wazazi wawaeleze watoto habari za kamongo, ili wajifunze mapema kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wallahu a'alam.