KAZI ZA VIJANA WETU: KUCHUNGUZA VIUMBE VYA MUNGU

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wazazi wengi hawaijui, na wengine wakiisikia huicheka. Ni kazi ya mwanabiolojia, yaani mtu anayechunguza viumbe vyenye uhai: miti, samaki, wadudu, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mtoto akitaka kuisomea, baba huuliza: «Je, nimelipa shule miaka yote hii ili wewe uhesabu majani?» Swali hilo si baya. Mzazi aliyeuza mbuzi na mihogo ili mtoto asome ana haki ya kujibiwa.

Mtazameni kwanza mtawa mmoja, Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa mkulima, akaingia kwa Waagustino wa Brno mwaka 1843, akawa padri. Mtihani wa kupata cheti cha ualimu ulimshinda. Lakini tangu mwaka 1856, katika bustani ya monasteri, alipanda njegere na kuzihesabu kwa miaka 8: ndefu na fupi, zenye mbegu laini na zenye mikunjo. Akaona kwamba kila mche hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama, na mafungu hayo hugawanyika kwa kanuni. Aliyachapa hayo mwaka 1866, na karibu hakuna aliyeyajali. Alifariki mwaka 1884; ndipo mwaka 1900 wataalamu walipotambua kwamba alisema kweli.

Mtauliza: njegere za Ulaya zatuhusu nini? Twende Yangambi, kando ya mto Kongo, ambako kituo cha kuchunguza kilimo kilianzishwa mwaka 1933. Kila mkamua mawese anajua kwamba ngazi hazifanani. Nyingine zina kokwa ya ganda nene. Nyingine zina ganda jembamba na nyama nyingi. Nyingine hazina ganda, lakini miti yake mara nyingi haizai. Watu walipenda ile ya ganda jembamba kwa mafuta yake mengi, lakini walipopanda mbegu zake, watoto hawakufanana na mama yao. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wataalamu wa Yangambi, walieleza sababu: aina hiyo ni mtoto wa ganda nene na wa asiye na ganda. Ukiizalisha yenyewe kwa yenyewe, katika miche 4 utapata kwa wastani 2 ya ganda jembamba, 1 ya ganda nene na 1 isiyo na ganda. Bali ukioanisha wazazi wale wawili wa kwanza, watoto wote hutoka na ganda jembamba. Ni hesabu ile ile ya Padri Mendel! Kwa kanuni hiyo hupandwa mashamba makubwa ya michikichi, hata Malezia na Indonesia. Basi, baba, wahesabu majani wameongeza mafuta chunguni.

Kazi hii huokoa pia maisha ya watu. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, penye misioni ya Kikatoliki. Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyesoma Lovanium na Leuven, alikwenda huko, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hatari haikujulikana bado. Damu ya sista mmoja ilipelekwa Antwerp, na humo vikaonekana virusi vipya, vilivyopewa jina la mto Ebola. Waliougua walikuwa 318. Wakafa 280, masista miongoni mwao. Ilijulikana baadaye kwamba sindano zilizotumiwa kwa mtu baada ya mtu bila kusafishwa ipasavyo zilieneza ugonjwa. Waliozitumia hawakukosa upendo. Walikosa vifaa na maarifa. Ndiyo maana twasema kwamba elimu nayo ni kazi ya huruma.

Hatutaki kuwadanganya vijana. Njia hii ni ndefu: sekondari upande wa sayansi, kisha miaka mingi ya chuo kikuu. Nafasi ni chache, mshahara mara nyingi ni mdogo, na wengi huanza kwa kufundisha. Yahitaji hesabu, uvumilivu, na zaidi ya yote ukweli: kuandika ulichoona, si ulichotamani kuona. Wasichana wasijitenge, macho makini si ya wavulana peke yao.

Kijana anayesikia moyo wake ukivutwa huko aanze leo. Apande maharage katika makopo mawili, moja juani na moja kivulini, apime kila siku, aandike katika daftari. Akiendelea kwa mwezi mzima bila kuchoka, nanyi wazazi mkimwona amechuchumaa mbele ya makopo yake, msimcheke. Muulizeni ameona nini, mkamsikilize.