Wazazi Wawili, Mkeka Mmoja

Ndugu msomaji, juma hili tunazungumzia michoro ya penseli. Hukumu ya kuchora viumbe wanazuoni wameieleza, nasi tunaiacha mahala pake. Tunalolitafuta hapa ni funzo la nyumba.

Katika mji wa Berlin, Ujerumani, aliishi mchoraji Käthe Kollwitz, aliyezaliwa mwaka 1867. Mumewe, Karl, alikuwa tabibu wa mafukara, na wanawake waliofuata dawa walimsimulia mkewe shida za majumbani mwao. Kwa penseli na makaa aliwachora: mama aliyemkumbatia mwanawe mgonjwa, mke aliyeinama kwa uchovu.

Vita vilipozuka mwaka 1914, mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, alitaka kujiunga na jeshi. Ilihitajika idhini ya baba. Karl alikataa, mama akamwombea mwanawe, baba akalegea. Oktoba ya mwaka ule ule Peter aliuawa Ubelgiji.

Miaka mingi mama yule alihangaika na michoro ya ukumbusho, akianza na kuacha. Mwaka 1932 sanamu mbili za mawe zikasimamishwa katika makaburi ya askari huko Ubelgiji: baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja amejikumbatia peke yake. Hawakushikana mikono, wala hawatazamani.

Sisi tulio katika shughuli za msikiti tunaijua hali hiyo bila ya kuchorewa. Mtoto anapofariki tunachimba kaburi, tunaswalia jeneza, tunaandika daftari la rambirambi, na baada ya siku tatu tunaondoa turubai. Ndani wanabaki wawili. Baba hukaa barazani kimya, akidhani subira ni kutosema. Mama hulia jikoni, akidhani mwenziwe hana uchungu. Na pengine baina yao pana neno lisilotamkwa: ni nani aliyemruhusu mtoto kwenda kuogelea? Ni nani aliyemnunulia pikipiki?

Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Chozi, basi, haliondoi subira.

Tunausia kwamba siku ya nne jamaa wa karibu warudi, si kwa chakula, bali wawakalishe wafiwa wale mkeka mmoja, kisha wawaache. Na mume asione haya kuanza. Akisema tu, "Mama fulani, nami naumia," atakuwa amemwondolea mkewe nusu ya mzigo.

Wabillahi tawfiq.